Gari la spoti lilinifundisha kusoma tairi

NDUGU msomaji, ukinikuta pale mpakani Rusumo nimeinama kando ya gari la mtu, nasoma maandishi ubavuni mwa tairi, usinidhanie mwizi. Ni tabia niliyorudi nayo kutoka Kanada, na niliilipia kwa fedha na kwa hofu. Leo nimeona niwaeleze ilivyoanza, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu katika nchi za theluji, na wengine wengi tunanunua hapa nyumbani matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji bila kujua.

Mimi ni mzaliwa wa Kibungo. Mwaka 2003 nilihamia Gatineau, mji wa jimbo la Quebec. Mji huo umetenganishwa na Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kwa mto tu, kama Rusumo ya Rwanda na Rusumo ya Tanzania. Upande wetu Kifaransa, upande wa pili, jimbo la Ontario, Kiingereza. Kila asubuhi watu huvuka madaraja kwenda kazini, nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa miaka sita nilipanda basi. Kiangazi cha mwaka 2009 nikanunua Mazda MX-5 iliyotumika, toleo la mwaka 2002, nyekundu. Wenyeji wanaiita Miata. Ni kigari cha watu wawili, paa lake ni la turubai na linakunjwa, kimo chake kifupi, na injini inasukuma magurudumu ya nyuma. Jamaa zangu walinicheka. "Baba mzima unanunua gari lisiloweza kubeba hata gunia la viazi!" Sikujali. Kwa miezi minne hakuna aliyenizidi raha pale mtaani.

Siku ya darajani

Sheria ya Quebec, iliyoanza kutumika majira ya baridi ya mwaka 2008, ilimtaka kila mwenye gari awe amefunga matairi ya baridi kuanzia Desemba 15 hadi Machi 15. Tangu mwaka 2019 tarehe ya kuanza imesogezwa mapema, ni Desemba 1. Anayekaidi hutozwa faini ya dola 200 hadi 300. Ng'ambo ya mto, Ontario, sharti hilo halipo. Mimi nilisoma tarehe kwenye kalenda, nikajiambia kuwa bado nina muda. Nilisahau kuwa baridi haisomi kalenda.

Mwishoni mwa Novemba, alfajiri, nilikuwa nampeleka binti wa dada yangu chuoni Ottawa. Theluji ilikuwa haijaanguka. Barabara ilionekana imelowa tu. Tulipofika juu ya daraja la Macdonald-Cartier, gari la mbele likawasha taa nyekundu za breki. Nami nikagusa breki. Gari halikupunguza mwendo. Mkia ukaanza kwenda kulia, usukani ukawa mwepesi mkononi kana kwamba umekatika. Tukazunguka, gurudumu la mbele likagonga ukingo wa zege, tukasimama tukiwa tumeelekea tulikotoka. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama hatua chache tu kutoka kwenye pua ya gari.

Binti alikuwa amefunika uso kwa mikono. Akaniuliza, "Mjomba, tumepona?" Nikamwambia tumepona, lakini miguu yangu ilikuwa inatetemeka hata kutoka nje nilishindwa.

Baadaye nilielewa. Daraja hupigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo maji yake huganda kabla ya yale ya barabara ya kawaida. Tulichodhani ni maji kilikuwa barafu nyembamba isiyoonekana.

Mzee wa Bukavu

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja, mzee mwenyeji wa Bukavu, aliyekuwa na gereji ndogo karibu na kwetu. Rimu ilikuwa imepinda na bampa limepasuka. Hakutazama hayo kwanza. Aliinama, akabonyeza tairi kwa ukucha, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu: "Kijana, gari yako haina kosa. Kosa iko ku mapine." Mapine ndiyo matairi.

Akanipa somo ambalo sijalisahau. Matairi yangu yalikuwa ya kiangazi, mapana, ya kushika lami yenye joto. Mpira wa aina hiyo, hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi joto 7, huanza kuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Hauhitaji theluji ili ukuangushe. Baridi peke yake inatosha. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa kwa namna nyingine, unabaki laini hata maji yakiganda. Meno yake, ambayo mafundi wengine huyaita kashata, yana mifereji ya kina, na juu ya kila jino kuna mikato midogo midogo kama ya wembe. Mikato hiyo ndiyo inayouma theluji.

Kisha akanionyesha alama ya kutafuta: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake umbo la chembe ya theluji. Tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake hazitoshi, kwani huandikwa kwa kutazama umbo la kashata tu. Quebec yenyewe, tangu Desemba 2014, inakubali matairi yenye alama ya mlima, au yale yenye misumari inayoruhusiwa kwa msimu.

Gari gani la baridi?

Nilikuwa na dola 3,500 na njia tatu mbele yangu. Ya kwanza, kuifunga Miata matairi ya baridi na kuendelea nayo. Wapo wanaofanya hivyo na wanafika. Lakini gari langu lilikuwa karibu linagusa ardhi, na theluji ya usiku mmoja huweza kufika juu ya bampa lake. Gari jepesi lenye tairi pana nalo huelea juu ya theluji badala ya kuikata. Tena serikali humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula bodi na chesisi kama mchwa.

Njia ya pili ndiyo niliyoitamani: Subaru Forester, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Moja ilikuwa inauzwa dola 3,200, na matairi yake yalikuwa ya misimu yote, yamekaribia kipara. Niliona kimo chake, nikaona nguvu zake, nikasema sasa nimepata dawa ya theluji.

Mzee alitikisa kichwa. "Foo-wili inakusaidia kuondoka," alisema. "Kusimama, kila gari inasimamia mapine." Nilipinga kidogo, kwa heshima. Hakubishana. Jumamosi moja theluji ilipoanguka alinichukua kwenye gari lake, akapita nami barabara ya kutoka mjini. Tuliona jipu kubwa jipya limelala mtaroni, magurudumu manne yote yakiwa hewani. Mbele kidogo kigari kidogo cha zamani kilikuwa kinakwenda taratibu, kimejaa familia. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Nikachukua njia ya tatu: Toyota Corolla ya mwaka 1999 kwa dola 2,200. Fundi alilala chini yake kwa muda mrefu kuliko alivyotazama injini. Aligonga chesisi kwa bisibisi kuona kama kutu imeshaila. Akawasha hita na kipuliza kioo, kwa maana dereva asiyeona mbele hana faida ya tairi zuri. Akapima betri, kwa sababu betri dhaifu hufa asubuhi ya baridi kali. Akafurahi kukuta waya wa umeme umening'inia mbele ya gari. Mimi nilidhani ni uharibifu, kumbe ni hita ya injini. Usiku unaichomeka kwenye umeme wa nyumba, asubuhi injini inawaka bila kulia.

Fedha iliyobaki tulinunua matairi manne mapya ya baridi, yakiwa kwenye rimu zake za chuma. Rimu za pekee hukuepusha na kung'oa tairi kila msimu. Miata ilivaa tairi zenye upana wa milimita 205. Corolla tuliipa za 185. Kwenye theluji tairi jembamba hukata hadi chini penye ugumu, kama jembe jembamba kwenye udongo mzito.

Niliuliza kama naweza kununua mawili tu, ya mbele, kwa kuwa Corolla inavuta kwa mbele. Hapo mzee alikasirika kweli. Mbele ikishika na nyuma isishike, alisema, kwenye kona mkia utakupita, na utarudia yale ya darajani. Ni manne au hakuna.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, uliojaa theluji. Akaniamuru nikimbize hadi kilometa 40 kwa saa, kisha nikanyage breki yote. Gari lilinguruma, likatetemeka, likasimama limenyooka. Nikarudia mara tano. Nilijua sasa gari langu linasimama wapi, na nilijua pia haliwezi kusimama kama kwenye lami ya Julai. Kawia ufike.

Miata niliilaza kwenye banda la kukodi: tanki limejaa ili unyevu usiingie, betri imefunguliwa, upepo wa matairi umeongezwa kidogo. Nikatoa taarifa kwenye usajili kuwa gari limewekwa, halitembei. Kila Mei nililiamsha, na kila Oktoba nililirudisha, hadi nilipoliuza mwaka 2016 wakati wa kurudi nyumbani.

Matairi ya theluji Rusumo

Nilifikiri nimeliacha somo hilo Gatineau. Mwaka 2018 shemeji yangu, anayesafirisha bidhaa kati ya Kahama na Rusumo, alinionyesha kwa fahari Toyota Noah yake iliyotoka Japani. "Shemeji, tazama kashata, bado nene! Na mpira laini, wa Kijapani." Nikainama. Ubavuni paliandikwa STUDLESS, na pembeni yake kulikuwa na mlima wenye chembe ya theluji.

Moyo ulinipasuka. Magari yanayotoka sehemu za baridi za Japani huweza kuja yamevaa matairi ya huko. Mpira ule ule laini ulioniokoa kwenye barafu, ukija kwenye lami yetu ya mchana huchemka, huyumba kwenye kona, huisha upesi na huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Fikiria gari lililojaa magunia, linateremka kuelekea daraja la mto Kagera, jua la saa nane. Ni makosa yale yale niliyofanya mimi, ila yamegeuzwa.

Nikamsomesha pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lake lilikuwa na 3808, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2008. Lilikuwa na miaka kumi. Kashata nene haziufanyi mpira kuwa mpya. Alinung'unika kuhusu gharama, kisha akabadilisha yote manne kabla ya safari iliyofuata.

Basi ndugu yangu unayejiandaa kwenda kwa watoto Quebec au Ottawa: usiulize kwanza gari gani. Uliza matairi gani, na uyafunge manne hali ya hewa inapokaribia nyuzi 7, bila kungoja tarehe ya sheria. Nawe mfanyabiashara wa mpakani: muuzaji akikusifia unene wa kashata, inama usome. Ukiona mlima na theluji, mwachie. Sisi hapa hatuna theluji ya kushika.