Lori Likijifunga Breki: Jinsi ya Kulifungua Bila Kuhatarisha Maisha

Wakazi wa Salgaa, Sachangwan na Mau Summit wamezoea kuona lori limekwama kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Magurudumu ya nyuma yamekaza, dereva ameshika kiuno, na watu wawili wamelala uvunguni na spana. Mara nyingi anayeingia uvunguni si fundi. Ni utingo, au kijana wa pale kituoni aliyeitwa asaidie kwa ahadi ya pesa kidogo.

Kazi yenyewe huonekana ndogo: kutoa kizibo, kuingiza bolti, kukaza nati. Lakini bolti hiyo huondoa kile kinachozuia lori lisisogee, nayo springi iliyo ndani ina nguvu ya kuua. Ndiyo maana ni muhimu kwa dereva, fundi na mkazi kuelewa kazi hii kabla ya kuikaribia.

KWA NINI LORI HUJIFUNGA

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Injini huendesha kompresa, kompresa hujaza upepo kwenye matenki, na dereva anapokanyaga breki upepo huo ndio unaosukuma na kukaza magurudumu.

Breki ya kuegesha hufanya kazi kinyume. Ndani ya chemba ya breki, karibu na gurudumu, kuna springi nene ambayo wakati wote inataka kufunga breki. Upepo ndio unaoibana isifanye hivyo. Upepo ukiisha, springi huachilika na gurudumu hukaza.

Mpango huu uliwekwa makusudi ili bomba likipasuka safarini, lori lisimame badala ya kukimbia bila breki. Katika malori mengi upepo wa kawaida ni baa 8 au zaidi. Ukishuka hadi karibu nusu ya kiwango hicho, taa au kengele ya onyo humwambia dereva asimame. Ukizidi kushuka, springi hujifunga zenyewe. Kwa hiyo lori lililojifunga linatoa habari: upepo unavuja mahali fulani, au kompresa haijazi.

KWANZA, RUDISHA UPEPO

Kabla ya kufikiria bolti, dereva awashe injini na aangalie geji. Upepo ukipanda hadi kiwango cha kawaida na kutulia hapo, breki zitafunguka kwa njia yake ya kila siku. Usipopanda, fundi atafute mahali unapovuja kwa kusikiliza, na kwa kupaka maji ya sabuni kwenye mabomba na maungio. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

Ikiwa injini imekufa, gari la kuvuta linaweza kulipa lori upepo kupitia bomba. Njia hii ni salama zaidi, kwa sababu breki hubaki zikifanya kazi na zinaweza kufungwa tena wakati wowote. Kufungua kwa bolti ni njia ya mwisho, ya kuliondoa lori barabarani au kulivuta hadi gereji. Si njia ya kumaliza safari na mzigo.

KABLA YA MTU KUINGIA UVUNGUNI

Lori na trela yake likiwa na mzigo linaweza kufika tani 56, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uzito huo ukianza kuteremka, hakuna jiwe la kurushwa chini ya gurudumu litakaloukomesha. Maandalizi haya hayarukwi:

- Lori liwe mahali tambarare. Likiwa kwenye mteremko, bolti isiguswe mpaka gari zito la kuvuta limelishika kwa chuma cha kuvutia, si kwa kamba.
- Kabari imara ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili za lori.
- Injini izimwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi.
- Pembetatu za tahadhari ziwekwe barabarani kwa umbali wa kutosha, na mtu mmoja abaki nje akitazama magari.
- Hakuna mtu wa kusimama upande wa chini wa mteremko, wala kati ya lori na trela.

HATUA ZA KUFUNGUA

Kazi hii ni ya fundi aliyefunzwa. Kwanza huikagua chemba. Ikiwa imeliwa na kutu, imebonyea, ina ufa, au mkanda wake wa chuma umelegea, kazi inakomea hapo, kwani springi ya ndani inaweza kuwa imevunjika. Wakati wote wa kazi fundi hukaa ubavuni mwa chemba. Uso na kifua havikai nyuma yake.

1. Fundi hutoa bolti ya kufungulia. Katika malori mengi huhifadhiwa kwenye mfuko mdogo ubavuni mwa chemba.
2. Hutoa kizibo cha vumbi kilicho katikati ya mgongo wa chemba.
3. Huingiza bolti hadi ndani, huizungusha robo duara kufuata mwendo wa saa, kisha huivuta kidogo kuhakikisha imeshika.
4. Huweka washa na nati, kisha hukaza polepole kwa spana ya mkono. Bunduki ya upepo haitumiki, kwa sababu inaweza kuharibu bolti na sahani inayoibana springi.
5. Bolti hujitokeza nje kidogo kidogo, katika chemba nyingi kiasi cha sentimita 7 hivi. Ikigoma mapema, hailazimishwi.
6. Hatua hizi hurudiwa kwa kila chemba yenye springi.

Baadhi ya malori yana bolti iliyojengwa ndani ya chemba, ambayo hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Kitabu cha gari ndicho kinachofuatwa.

KOSA LINALOUA

Nusu mbili za chemba ya springi zimeshikwa pamoja kwa mkanda wa chuma. Mkanda huo haufunguliwi kando ya barabara, haugongwi kwa nyundo wala haukatwi kwa gesi. Springi iliyobanwa ndani inaweza kuwa na nguvu ya karibu tani moja. Ikipata nafasi, huurusha mfuniko kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa.

Hatari hii haiishi lori linapoondoka. Chemba kuukuu iliyotupwa nyuma ya gereji bado ina springi iliyobanwa, hata kama imekaa miaka mingi. Wauzaji na wanunuzi wa vyuma kuukuu wasiikate wala kuipasua, na watoto wasiichezee. Irudishwe kwa fundi mwenye vifaa vya kuifungua kwa usalama.

BAADA YA KUFUNGUA

Gurudumu lililofunguliwa kwa bolti halina tena breki ya kuegesha, wala breki ya dharura upepo ukiisha. Dereva akivuta breki ya mkono, gurudumu hilo halitashika. Kwa hiyo lori huvutwa kwa mwendo wa pole, na likisimama popote huwekewa kabari. Kibandiko kiwekwe kwenye usukani kueleza kwamba breki zimefunguliwa kwa bolti, ili dereva atakayefuata asidanganyike.

Hitilafu ikisharekebishwa, kabari zikiwa bado chini ya magurudumu, matenki hujazwa upepo hadi kiwango cha kawaida na breki ya mkono huachiliwa. Hapo nati hulegezwa, bolti hutolewa na kurudishwa mfukoni mwake, na kizibo hufungwa ili maji na vumbi visiingie. Mwisho, breki ya mkono hujaribiwa kabla ya kabari kuondolewa.

JUKUMU LA WAKAZI

Mkazi anayeitwa kusaidia ana haki ya kukataa. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: lori limezuiliwa na nini breki zikifunguka? Jibu likikosekana, asiingie uvunguni, hata pesa ziongezwe.

Wenye vibanda upande wa chini wa mteremko waondoke mpaka kazi iishe. Lori likiwa la mafuta, watu wakae mbali zaidi, na moto au sigara visikaribie. Wakazi wa Sachangwan hawajasahau tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta lililopinduka kushika moto huku umati ukiwa umelizunguka.

Lori likiziba barabara au likionekana kuhatarisha watu, polisi wapigiwe simu kwa nambari 999 au 112. Mzigo ukichelewa, utafika kesho. Kijana aliyeingia uvunguni anasubiriwa nyumbani leo.