GITAA LA KIKUNDI: TUNZA UBAO WA SHINGO

Huko Mbalizi, magharibi ya jiji la Mbeya, gitaa si kitu kigeni. Hupigwa kwenye kwaya, harusini na katika sherehe za kijiji. Mara nyingi gitaa moja ni mali ya watu wengi. Wanakikundi huuza mahindi au viazi. Huchanga fedha kidogo kidogo. Kisha hununua gitaa.

Baada ya miaka michache gitaa hilo huanza kusumbua. Shingo inakuwa chafu. Ubao unapauka. Vyuma vinakata vidole. Watu husema, "Gitaa limezeeka." Mara nyingi si kweli. Gitaa halijazeeka, ila limekosa matunzo.

Matunzo hayo hayahitaji fundi wa mjini. Yanahitaji vitambaa, mswaki wa zamani, matone machache ya mafuta na saa moja ya kazi.

UBAO WA SHINGO NI UPI?

Shika gitaa. Tazama shingo yake upande wa nyuzi. Utaona ubao mwembamba uliobandikwa juu ya shingo. Hapo ndipo vidole vinapokandamiza nyuzi. Ubao huo umekatizwa na vyuma vyembamba. Vyuma hivyo huitwa freti.

Ubao huu hutengenezwa kwa mti mgumu, maana nyuzi na vidole huusugua kila siku. Baadhi ya magitaa hutumia mpingo. Mpingo ni mti wa kwetu. Unamea Lindi, Kilwa na sehemu nyingine za Tanzania. Ni mzito sana hata huzama majini. Huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Nchi za nje huutumia kutengeneza zumari na ala nyingine za muziki. Basi anayetunza ubao wa namna hiyo anatunza mali ambayo haipatikani upesi.

KWA NINI UBAO UNAHARIBIKA?

Mti una vitundu vidogo sana. Hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ubao huvimba kidogo. Kuanzia Juni mvua zimekwisha na upepo ni mkavu. Ubao hutoa unyevu na kusinyaa.

Mti husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Chuma hakisinyai. Kwa hiyo ubao unakuwa mwembamba kidogo, na ncha za freti zinajitokeza pembeni. Ndizo zinazokata vidole. Ubao ukikauka mno, hupasuka.

Adui wa pili ni uchafu. Mkono una jasho, na jasho lina chumvi. Mkono wa mkulima una vumbi la shamba. Mkono uliotoka kula una mafuta. Vyote hivyo hujikusanya kando ya freti na kuwa utando mweusi. Utando huo hushika unyevu na kuharibu nyuzi.

TAZAMA KWANZA

Kabla ya kuanza, tazama ubao wako. Je, unang'aa kama kioo? Kama unang'aa, umepakwa vanishi. Ubao wa rangi ya maziwa au ya asali mara nyingi huwa hivyo. Usiupake mafuta, maana hayataingia. Ufute tu kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, kisha ukaushe mara moja.

Na gitaa la kuchonga wenyewe? Kama shingo yake imepakwa rangi au vanishi, lifute tu. Kama ni mti mtupu, fuata hatua zilizo hapa chini.

HATUA ZA KAZI

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ikaushe vizuri.

2. Laza gitaa juu ya meza au mkeka. Weka nguo iliyokunjwa chini ya shingo.

3. Legeza nyuzi polepole. Legeza kidogo huu, kidogo ule, mpaka zote zilegee. Usikate uzi uliokazwa. Unaweza kukurukia usoni na kukuumiza jicho.

4. Nyuzi ni ghali. Kama utazitumia tena, si lazima uzitoe. Zisogeze tatu upande mmoja, safisha, kisha sogeza tatu nyingine. Uzi ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja hukatika.

5. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

6. Piga mswaki mkavu kando ya kila freti. Uchafu ulioganda utoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, au kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Usitumie kisu.

7. Lowesha kitambaa kwa maji safi, kisha kikamue mpaka maji yasidondoke. Futa ubao haraka na ukaushe papo hapo. Acha ukae nusu saa kivulini.

8. Kama ubao bado umepauka, tia matone mawili au matatu ya mafuta kwenye kitambaa kingine. Usimimine mafuta juu ya ubao. Paka utando mwembamba, ukifuata urefu wa shingo.

9. Ngoja dakika 10. Futa mafuta yote yaliyobaki. Ukigusa ubao, kidole kisiteleze.

10. Rudisha nyuzi mahali pake. Zikaze polepole, kisha linganisha sauti.

MAFUTA GANI?

Tumia mafuta mepesi ya watoto, yale yasiyo na rangi na yasiyoganda. Hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Hayachachi.

Usitumie mafuta ya alizeti wala ya kupikia ya aina nyingine. Yatachacha, yatanuka na kunata. Usitumie mafuta ya taa.

Watu wengine husikia kwamba magitaa hupakwa mafuta ya limau. Basi hukamua limau juu ya ubao. Hilo ni kosa. Maji ya limau yana tindikali. Mafuta yanayouzwa kwa jina hilo ni kitu kingine kabisa.

Msasa na stilwaya ya kusugulia sufuria viache jikoni na kwa seremala. Hukwaruza ubao na freti. Tena, chembe za stilwaya hunaswa na sumaku za gitaa la umeme.

MAFUTA PEKE YAKE HAYATOSHI

Mafuta hayarudishi unyevu uliotoka ndani ya mti. Hulinda uso wa ubao tu. Kwa hiyo tazama pia unapoweka gitaa.

Mwezi wa Juni na Julai Mbeya kuna baridi kali. Watu huota moto usiku. Usiliegemeze gitaa karibu na jiko la mkaa. Usilitundike jikoni juu ya mafiga. Usiliache juani wala chini ya paa linalovuja. Liweke ndani ya mfuko au sanduku, mbali na ukuta wenye unyevunyevu.

Kufuta nyuzi na ubao kwa kitambaa kikavu ni kazi ya kila siku baada ya kupiga. Mafuta yanatosha mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Juni, na tena Oktoba kabla ya mvua. Mafuta mengi hulainisha mti na kukusanya vumbi.

ANDIKENI DAFTARINI

Mali ya wote isiyo na mlezi huharibika upesi. Kila mmoja hudhani mwenzake ataitunza. Chagueni mtu mmoja wa kulitunza gitaa. Mpeni daftari. Kila mara aandike tarehe, kazi iliyofanyika, na nani aliyeazima gitaa. Asome taarifa hiyo mkutanoni. Hapo hakuna atakayelaumiwa bure, na fedha za mavuno hazitapotea.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini ncha za freti hujitokeza wakati wa kiangazi?
2. Ubao wenye vanishi husafishwaje?
3. Kwa nini mafuta ya kupikia hayafai?
4. Katika kikundi chenu, gitaa hulala wapi, na nani analitunza?