Kumjua Mnyama Kabla ya Kumgusa: Utangulizi wa Ukarabati wa Wanyama Waliokaushwa

Naandika nikiwa Nyakitonto, kwenye nyanda za juu za Kigoma. Upande wa mashariki nchi inateremka hadi kwenye majimaji ya Malagarasi na Moyowosi, makazi ya nzohe na korongo nyangumi. Nakusudia kukuingiza katika taaluma ambayo watu wengi hudhani ni ya mafundi wa mjini peke yao. Huenda una kichwa cha pongo ukutani. Ulikipata kihalali, ukamlipa fundi fedha nyingi, ukasubiri miezi, na kilipofika ukakuta sura usiyoifahamu: macho yametumbuka, masikio yamesinyaa, mdomo umeachama. Kinakukera kila unapopita sebuleni. Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili yako, hata kama hujawahi kushika sindano ya kushonea ngozi.

Hoja yangu ni kwamba kasoro kubwa za kazi hii hazitokani na uhaba wa vifaa. Zinatokana na mtu kumtengeneza mnyama asiyemjua akiwa hai. Kwenye kasri la Gripsholm, Sweden, yupo simba ambaye watu husafiri kwenda kumtazama kwa sababu ya sura yake. Alitoka Algiers mwaka 1731, zawadi kwa Mfalme Frederik wa Kwanza, na baada ya kufa ngozi na mifupa yake vikapelekwa kwa fundi. Inaaminika kuwa fundi huyo hakuwahi kumwona simba. Akampa macho yaliyokaribiana kama ya binadamu, na ulimi unaoning'inia nje. Mikono yake ilijua kushona, ila hakuwa na simba kichwani mwake. Wewe uliyekulia huku, uliyekwisha kumwona pongo akitoka kichakani alfajiri na kusimama kusikiliza, una mtaji ambao fundi yule hakuwa nao.

Lakini tusimwonee fundi. Mara nyingi kazi imekwisha kuharibika kabla haijafika mezani kwake. Simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliouawa na mhandisi wa reli J. H. Patterson mwezi Desemba 1898 wako Chicago, katika jumba la makumbusho la Field. Anayewaona hushangaa kwamba wanyama waliosimamisha ujenzi wa reli ni wadogo kiasi hicho. Sababu ni kwamba Patterson alizitandika ngozi zao sakafuni kwa takribani miaka 25, kisha akaliuzia jumba hilo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Zilikuwa zimepunguzwa kingo ili zikae vizuri kama mazulia. Mafundi wa Chicago walipewa ngozi pungufu, na hakuna ustadi unaoweza kurudisha kipande kilichokwisha kukatwa. Kwa hiyo kabla hujalaumu, uliza historia ya ngozi yako: nani alichuna, chumvi ilipakwa baada ya saa ngapi, ilisafiri vipi. Kwenye joto, ngozi ikikaa saa chache bila chumvi, bakteria huanza kulegeza mashina ya nywele. Fundi akiipokea, nywele zinanyonyoka viganjani mwake. Upara wa namna hiyo shavuni mwa pongo ni kosa la siku ya kwanza porini.

Baada ya historia, tazama namna ngozi inavyokauka. Ngozi hupungua maji na kujivuta. Ikiwa fundi hakuipunguza unene upande wa ndani, hasa kwenye midomo, pua na kope, itajivuta kwa nguvu na kuachana na umbo lililo chini yake. Umbo hilo siku hizi ni la povu gumu jepesi linaloagizwa kwa vipimo. Likizidi ukubwa wa mnyama halisi hata kidogo, mshono wa nyuma ya shingo utafunguka. Huku kwetu kuna jambo la ziada: masika ngozi hunyonya unyevu na kulegea, kiangazi hujivuta tena, na mwaka baada ya mwaka ufa hupanuka. Kichwa kilichotundikwa karibu na jiko la kuni, au mahali jua la mchana linapopiga, huharibika upesi zaidi.

Nataka tukae kidogo kwenye jicho, maana ndipo mnyama anapopatikana au kupotea. Nenda zizini ukamtazame mbuzi. Mboni yake ni ya mlalo. Akiinamisha kichwa kula majani, jicho huzunguka ndani ya kope ili mboni ibaki sambamba na ardhi, na hivyo aweze kuona hatari inayotokea pembeni. Watafiti walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 2015, na mtoto yeyote anayechunga huku kwetu Buha anaweza kulithibitisha kwa kuchuchumaa mbele ya mbuzi wake. Pongo naye ana mboni ya mlalo. Sasa rudi kwenye kichwa chako ukutani. Kama kimeinamishwa kidogo na mboni ya kioo imefuata mwelekeo wa pua badala ya kufuata ardhi, umepata sababu mojawapo ya mnyama wako kuonekana amezubaa. Kisha angalia kope. Kwa mnyama aliye hai kope ya juu hufunika sehemu ya jicho, na kona ya mbele hushuka kuelekea puani. Ngozi iliyojivuta huacha duara lote wazi, na hapo ndipo ule mshtuko usoni unapotoka.

Kope inaweza kurekebishwa na mtu anayeanza. Lowesha pamba kwa maji, uikamue, uilaze juu ya kope na kuifunika kwa nailoni. Iache saa kadhaa, ukigusa mara kwa mara. Ngozi iliyosindikwa vizuri italainika. Ikianza kutoa nywele au kuchanika kama karatasi iliyoloa, acha palepale, ikauke. Ikilainika, chomeka chini yake udongo kidogo wa mfinyanzi au gundi ya epoksi ya kukanda, uisukume kwa njiti ya meno hadi kope ilale juu ya kioo kama ulivyoona kwa mbuzi, kisha uishikilie kwa pini nyembamba. Usitoe pini kesho yake. Ngozi itajivuta tena inapokauka, na pini ndizo zitakazoizuia. Siku kadhaa si nyingi. Sikio lililokunjamana hulainishwa kwa njia hiyohiyo, ila hubanwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kufuata umbo lake. Pua iliyopauka hurudishiwa weusi kwa rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, maana rangi nzito huziba vitundu vidogo vinavyofanya pua ionekane hai.

Kabla ya hayo yote kuna mambo mawili yasiyosubiri. La kwanza ni sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuwa na nyara bila kibali ni kosa zito, na kuifanyia biashara kunahitaji leseni. Cheti cha umiliki kikae pamoja na kichwa chenyewe, na usipokee cha jirani ukitengeneze bila kuona cheti chake. La pili ni sumu. Kwa muda mrefu mafundi walipaka ngozi sabuni yenye aseniki ili kuzuia wadudu, na sumu hiyo haiishi nguvu kwa kupita miaka. Kichwa cha zamani usichojua asili yake kishike kwa glavu na barakoa, nje ya nyumba, mbali na watoto na vyombo vya chakula, na usikilainishe kwa maji kabisa. Kama unaona unga chini yake au maganda ya mabuu kwenye manyoya, kifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, ukigandishe kwenye friza kwa wiki mbili. Nondo na mbawakawa hufa kwa baridi bila dawa.

Wakarabati wa majumba ya makumbusho wana kanuni ninayokusihi uishike tangu mwanzo: usifanye jambo ambalo mwingine hawezi kulitengua. Ndiyo maana kwa nyufa ndogo napendelea gundi ya wanga na karatasi nyembamba kuliko gundi kali za dukani. Wanga ukiloweshwa huachia. Kwa moyo huohuo, kwenye jumba la makumbusho mjini New York, katika ukumbi wa wanyama wa Amerika Kaskazini uliofunguliwa upya mwaka 2012, wanyama waliopauka kwa miongo mingi ya taa hawakutupwa. Walirudishiwa rangi kwenye manyoya yaleyale.

Na wapo wanyama ambao hawapaswi kuguswa na mtu anayejifunza. Katika makumbusho ya Zanzibar yupo chui wa Unguja aliyekaushwa, rangi imempungua, kazi yake si ya kuvutia. Mtaalamu wa wanyama aitwaye Pocock alimwainisha chui huyu kama nususpishi mwaka 1932, na wataalamu wengi wanahofia kwamba ametoweka kisiwani. Ngozi zake zilizobaki duniani ni za kuhesabika. Kila unywele wake ni ushahidi, na kumrembesha kunaweza kufuta jambo ambalo mtafiti wa kesho angelihitaji. Kama unacho kitu cha nadra, kipanguse vumbi kwa brashi laini kufuata mlalo wa manyoya, ukiweke mbali na jua, na kazi iliyobaki umwachie mtaalamu.

Kwa hiyo usianzie kwenye pongo wako. Anza na kichwa cha mbuzi kutoka buchani: kichune polepole, ugeuze masikio, upasue midomo kwa ndani, upake chumvi laini kila mahali, kisha uone mwenyewe sehemu zinazojivuta zaidi. Chora jicho lake kabla hujamchuna, pande zote mbili, na upime kutoka kona ya jicho hadi ncha ya pua. Ukipata safari ya Arusha, ingia Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye Boma la Mjerumani, ukakae mbele ya mnyama mmoja tu na daftari lako, umtazame kope, masikio, pua na mshono. Sura ya kwanza inaanza na vipimo hivyo, na itakuhitaji uwe na michoro yako mkononi.