Marekani: Karatasi za familia zinavyorudisha majina ya watumwa

Kusini mwa Marekani, barua na madaftari ya familia ya Cameron yanahifadhiwa kwenye Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill. Ni familia ya mashamba makubwa ya Stagville. Kufikia 1860 ilimiliki watumwa karibu 900.

Yamo katika hazina iliyoanzishwa mwaka 1930 na mwanahistoria J. G. de Roulhac Hamilton. Alizunguka majimbo ya Kusini kwa gari, akiziomba familia maandishi yao ya zamani.

Leo uzao wa watumwa nao unayahitaji. Hesabu ya watu ya 1860 iliandika umri na jinsia ya watumwa, kwa kawaida bila majina. Majina yako katika madaftari ya mabwana: nani alizaliwa, mama yake nani, nani alipewa nguo.

Kwa hiyo daftari likichomwa au likiliwa na mchwa, si familia moja tu inayopoteza historia yake. Ukirithi sanduku la karatasi za mzee, soma kwanza majina yaliyomo. Nyuma ya kila picha, andika taratibu kwa kreyo ni nani.