Mpira uko hatua moja na shimo, mbona hauingii? Haya ndiyo yanayowakuta wacheza gofu

Jumapili ya Juni 16, 2024, Rory McIlroy alikuwa akiongoza US Open kule Pinehurst, Marekani, kwa tofauti ya mikwaju 2 huku yakibaki mashimo 5 tu. Alikuwa hajashinda taji kubwa tangu Agosti 2014. Miaka karibu 10.

Shimo la 16, mpira wake ukasimama kama futi 2 na nusu kutoka shimoni. Hiyo ni sentimita 76 hivi, sawa na kimo cha meza ya chakula. Msimu ule wote alikuwa amesukuma mipira 496 iliyokuwa ndani ya futi 3, na yote 496 iliingia. Huu wa 497 ukagusa ukingo, ukazunguka, ukatoka.

Shimo la 18 akabakiwa na futi 3 na inchi 9. Ukapita tena pembeni. Nyuma yake akaja Bryson DeChambeau, mpira wake ukiwa mchangani yadi 55 kutoka shimoni. Akautoa, ukasimama karibu futi 4, akausukuma ndani. Kombe likaondoka kwa mkwaju 1.

Ukiwa kwenye kochi unaweza kusema, "Aaah, huo hata mimi ningeuingiza." Labda. Ila ukiuliza wanaocheza kila wikendi, iwe Lugalo, Muthaiga au Entebbe, watakwambia kitu kinachowanyima usingizi si kupiga mpira mita 200. Ni zile sentimita 80 za mwisho.

Hesabu yake iko hivi

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 duniani kote. Mpira hauruhusiwi kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67. Kwa hiyo ukipanga mipira miwili na nusu hivi, shimo limejaa. Si shimo dogo kihivyo.

Shida iko kwenye uso wa fimbo. Fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini wachezaji wanaiita pata (na ndiyo, utani wa pata potea umeshafanywa mara nyingi tu). Pale uso wake unapogusa mpira, upande ulioelekea ndiko mpira utakakoanzia safari kwa sehemu kubwa. Mpira ukiwa mita 1 na shimo, kwenye grini iliyonyooka, una nafasi ya kukosea digrii 3 hivi kila upande. Ukiwa mita 2, inabaki digrii 1 na nusu. Mita 3, digrii 1.

Digrii 3 ni kiasi gani? Chukua saa ya ukutani. Mshale wa dakika ukisogea dakika 1 umezunguka digrii 6. Kwa hiyo kwa mita 1 unaruhusiwa kukosea nusu dakika ya saa. Kiganja kikitetemeka kidogo tu, umeimaliza.

Na hapo tunasema mpira unafika taratibu. Ukija kwa kasi, shimo kama linapungua, kwa sababu mpira unaopita pembeni unagonga ukingo na kurushwa nje badala ya kudondoka. Ndiyo maana utaona mpira umezunguka nusu shimo halafu ukamrudia mwenyewe. Inauma kuliko kukosa kabisa.

Televisheni inatudanganya

Mark Broadie, profesa wa Columbia University, alichambua mikwaju mingi mno ya wachezaji wa PGA Tour. Kwa futi 3, hao mabingwa huingiza asilimia 96. Kwa futi 5 inashuka hadi asilimia 77. Kwa futi 8, ambayo ni chini kidogo ya mita 2 na nusu, ni nusu kwa nusu. Futi 10 ni asilimia 40.

Soma tena hiyo ya futi 8. Wachezaji bora duniani, wenye makocha, makedi na grini laini kama zulia, wanakosa mara 1 kati ya 2. Sisi hatuoni kwa sababu kamera Jumapili inamfuata anayeongoza, na anayeongoza wiki hiyo kwa kawaida ndiye anayeingiza kila kitu.

Mchezaji wa ridhaa anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 90, nusu kwa nusu yake iko kwenye futi 5. Kwa hiyo ukikosa futi 6 ukaanza kurusha fimbo, unajikasirikia kwa kitu cha kawaida kabisa. Na hasira hiyo unaibeba hadi shimo linalofuata, ambako unakosa futi 2. Hiyo sasa siyo kawaida.

Makosa mengi ni ya mwili tu

Kabla ya kuanza kusema habari za akili na mapepo, angalia vitu hivi.

Kichwa. Watu wengi wananyanyua kichwa kabla mpira haujaondoka, wanataka kuona kama unaingia. Kichwa kikienda, bega linafuata, na uso wa fimbo unageuka. Joan Vickers wa University of Calgary, Canada, ametumia miaka mingi kupima macho ya wanamichezo. Kwa wacheza gofu, aligundua kwamba walio bora hutuliza macho sehemu moja kwenye mpira kwa sekunde 2 hivi kabla ya kusukuma, na macho yanabaki palepale kidogo hata mpira ukishaondoka. Wasio wazuri macho yanahangaika: mpira, shimo, fimbo, mpira tena. Makocha wana njia rahisi ya kukufundisha hili, wanakwambia usikilize mpira ukidondoka badala ya kuutazama.

Kasi. Mtu anaogopa, anavuta fimbo nyuma sana, halafu akikaribia mpira anafunga breki. Fimbo inayopunguza mwendo inayumba. Afadhali uvute nyuma kidogo na upite mbele bila kusita. Dave Pelz, aliyewahi kufanya kazi NASA kabla ya kugeukia kufundisha gofu, alipendekeza mpira upigwe kwa nguvu ya kuupitisha inchi 17 nyuma ya shimo endapo utakosa. Ni kama sentimita 43. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, kwa sababu ukijua nguvu yako, mteremko mdogo haukusumbui tena.

Nyasi. Kwenye viwanja vya joto ambako grini zina nyasi aina ya Bermuda, nyasi hulala upande fulani na huweza kuuvuta mpira. Angalia ukingo wa shimo: upande uliochakaa, wenye nyasi kavu zilizokatika, ndiko nyasi zinakoelekea. Kedi mzoefu wa uwanja wako anajua hili bila kuinama. Muulize, bana, usijifanye mjuaji.

Ikiwa mkono unaruka wenyewe

Sasa kuna tatizo jingine, na hili wachezaji hawapendi hata kulitaja. Wanaliita yipsi. Unasimama, umepanga vizuri, halafu katikati ya mkwaju kiganja kinashtuka chenyewe. Mpira wa futi 2 unaruka futi 6 kupita shimo.

Ernie Els wa Afrika Kusini ameshinda mataji makubwa 4. Aprili 2016, kwenye Masters, shimo la kwanza kabisa, alikuwa na mpira wa futi 3 hivi. Akasukuma mara 6 ndipo ukaingia. Shimo hilo aliandikiwa 9. Mbele ya dunia nzima.

Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwagawa wenye yipsi katika makundi mawili. Kundi moja lina distonia, hali ambayo misuli inajikaza bila ruhusa mtu anapofanya kazi moja maalumu aliyoirudia kwa miaka. Wanamuziki wanaipata vidoleni. Waandishi wanaipata wakishika kalamu. Kundi la pili ni hofu: presha inapanda, mtu anaanza kufikiria kila kiungo, na kitu alichokuwa akikifanya bila kufikiri kinamshinda. Wengi wako mahali fulani katikati.

Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kuna watu wameacha gofu kwa aibu wakiamini ni waoga, kumbe misuli yao ina shida ya kweli. Kama mkono unaruka hata ukiwa peke yako grini ya mazoezi, hakuna mtu, hakuna dau, usihangaike na kujipa moyo tu. Badili namna ya kushika fimbo. Na kama unaruka hata ukiandika au ukishika kijiko, nenda ukamuone daktari.

Kwa hili la kubadili, mwalimu ni Mjerumani Bernhard Langer. Yipsi zilimrudia zaidi ya mara moja katika maisha yake ya gofu. Alijaribu kuweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Baadaye akaja na mshiko wa ajabu: mkono wa kushoto chini kwenye fimbo, halafu wa kulia unabana mpini pamoja na mkono wenyewe wa kushoto karibu na kiwiko, ili kifundo kisipate nafasi ya kucheza. Watu walicheka. Alishinda Masters mwaka 1985, yipsi zikamrudia tena vibaya, kisha akashinda Masters ya pili mwaka 1993 kwa mshiko huo huo wa kuchekesha.

Baadaye akahamia fimbo ndefu. Hapo sheria inabidi uijue: tangu Januari 1, 2016 hairuhusiwi kuegemeza mpini wa fimbo mwilini, iwe kifuani, tumboni au kidevuni. Fimbo ndefu yenyewe ni halali, ila isiegemezwe mwilini.

Jordan Spieth, aliyeshinda Masters na US Open mwaka 2015, alitumia ujanja mwingine. Mikwaju mifupi aliipiga akiwa anaangalia shimo, siyo mpira. Inaonekana kinyume na ile ya kutuliza macho kwenye mpira, lakini kinachofanana ni kwamba macho yametulia sehemu moja. Kama ile ya kwanza haikufai, jaribu hii.

Huo chukua, mzee

Kuna mazoea ya klabu ambayo mimi naona yanachangia tatizo kuliko watu wanavyokubali. Mkicheza kirafiki, mpira ukiwa futi 2 mwenzako anakwambia, "Huo chukua, mzee." Unaokota, unaandika kama umeingia.

Ni uungwana, na una historia. Kwenye Ryder Cup ya 1969 pale Royal Birkdale, Jack Nicklaus alimpa Tony Jacklin mpira wa futi 2 hivi kwenye shimo la mwisho la mechi ya mwisho, na timu zikatoka sare 16 kwa 16. Mpaka leo kinasimuliwa.

Lakini ile ilikuwa mechi ya mtu kwa mtu, shimo kwa shimo, na huko sheria inaruhusu. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju hakuna kupewa, kila mpira lazima uzame. Sasa fikiria mtu ambaye tangu Januari hajasukuma futi 2 hata moja kwa umakini, kwa sababu marafiki humpa zote. Siku ya kombe la klabu anakutana nayo, watu wamezunguka, kimya. Atatetemeka tu.

Dawa yake ni rahisi. Waambie wenzako wiki hii hakuna kupeana. Mkiwa na dau la soda, weka dau kwenye futi 3.

Kwa mazoezi ya peke yako, chomeka vijiti viwili ardhini, nafasi kati yake iwe pana kidogo tu kuliko uso wa fimbo, na mpira ukae katikati. Fimbo ikigusa kijiti, umejua kosa bila kocha. Kisha panga mipira 8 kuzunguka shimo, kila mmoja hatua moja, uingize yote mfululizo. Ukikosa wa 8 unaanza upya wa kwanza. Huo wa 8 ndio utakuonyesha presha ilivyo, hata kama hakuna anayekutazama zaidi ya mtunza grini.

Na mkosaji anaweza kurudi. I.K. Kim wa Korea Kusini alikosa mpira wa futi 1, nasema futi 1, kwenye shimo la mwisho la Kraft Nabisco mwaka 2012, akapoteza taji kubwa kwenye mashimo ya ziada. Taji kubwa alilipata mwaka 2017, Women's British Open. McIlroy naye Aprili 2025, pale Augusta, alikosa kama futi 5 ambazo zingempa Masters. Akarudi shimo lilelile la 18 kwa mchuano wa ziada na Justin Rose, akapiga mpira ukasimama karibu, na safari hii akauingiza.

Jambo la mwisho: tangu 2019 sheria inakuruhusu kuacha bendera shimoni unaposukuma ukiwa kwenye grini. Haikugharimu chochote. Jaribu mikwaju 50 ya futi 3 ikiwemo na 50 ikiwa imetolewa, uhesabu mwenyewe, kabla hujaenda dukani kuulizia bei ya pata mpya.