Zamu ya Kwanza au Zamu ya Pili? Sayansi ya Mlo wa Jioni katika Shule za Bweni za Nyanda za Juu Kusini

Katika meli kubwa za abiria, ambamo ukumbi wa chakula hautoshi kuwaketisha wasafiri wote kwa wakati mmoja, mlo wa jioni huandaliwa kwa zamu mbili. Msafiri hutakiwa kuchagua kula mapema au kula baadaye, na kwake jambo hilo ni la starehe tu. Tatizo la namna hiyohiyo hukutwa pia mbali na bahari. Mikoa ya Iringa na Mbeya ina shule nyingi za bweni, na mara nyingi idadi ya wanafunzi huzidi viti vya bwalo. Hapo kengele hupigwa mara mbili: kundi moja hula jua lingali juu, na la pili hula giza likiingia au likiwa limekwisha kuingia. Uamuzi wa nani ale lini hugusa usingizi, masomo na afya ya kijana, na kwa sababu hiyo unastahili kuchunguzwa kwa jicho la sayansi.

Ili hoja ieleweke, ichukuliwe shule ya mfano. Shule hiyo ina wanafunzi 600 na bwalo lenye nafasi 300. Chakula cha mchana huliwa saa 8. Zamu ya kwanza ya jioni ni saa 12, na zamu ya pili ni saa 1 usiku. Masomo ya usiku huanza saa 2 na kwisha saa 4. Taa huzimwa saa 4 na nusu. Kengele ya kuamka hulia saa 11 na nusu alfajiri, na uji hunywewa saa 1 asubuhi.

Saa ya ukutani na saa ya mwilini

Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini jua halifuati sheria hiyo. Dunia huzunguka nyuzi 15 za longitudo kwa kila saa, yaani uzi mmoja kwa kila dakika 4. Mji wa Iringa uko karibu na longitudo 35.7 Mashariki, na Mbeya karibu na 33.5. Kwa hiyo jua huchwa Mbeya kama dakika 9 baada ya kuchwa Iringa, na kwa wastani dakika 23 baada ya kuchwa Dar es Salaam. Mwezi Juni jua huzama Mbeya yapata saa 12 na dakika 35. Mwishoni mwa Januari huzama yapata saa 1 na dakika 10. Basi zamu ya saa 12 ni ya mchana kweupe mwaka mzima, ilhali zamu ya saa 1 huwa ya usiku mwezi Juni na ya machweo mwezi Januari.

Tofauti hii ina maana, kwa kuwa mwili nao una saa yake. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kundi dogo la seli linalopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuongoza majira ya mwili ya saa 24. Ini, kongosho na utumbo vina saa zao ndogo, ambazo hurekebishwa hasa na wakati wa kula. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walituzwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kugundua, kwa kuwachunguza inzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli.

Giza linapoingia na wakati wa kulala unapokaribia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini. Homoni hiyo huandaa mwili kwa usingizi, lakini pia hupunguza utoaji wa insulini, ambayo kazi yake ni kuiingiza sukari ya damu katika seli. Ndiyo maana sahani ileile ya ugali hupandisha sukari ya damu zaidi ikiliwa usiku kuliko ikiliwa asubuhi. Katika utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022, watu 16 wenye uzito uliozidi walipewa milo ileile kwa nyakati mbili tofauti. Iliposogezwa mbele kwa saa 4, walihisi njaa zaidi na miili yao ilitumia nishati kidogo zaidi.

Hata hivyo, matokeo hayo yasichukuliwe bila kuyapima. Waliochunguzwa walikuwa watu wazima wenye uzito mkubwa. Kijana wa kidato cha 2 anakua, anacheza mpira na pengine analima bustani ya shule. Tena, tofauti iliyochunguzwa ilikuwa ya saa 4, si ya saa 1. Mwalimu hawezi kusema kwamba zamu ya pili ni mbaya kwa sababu ya matokeo hayo peke yake.

Tumbo, usingizi na njaa ya alfajiri

Mlo mgumu wa kawaida hauondoki tumboni mara moja. Kwa kadirio, nusu yake hupita kuingia utumbo mwembamba baada ya saa 2, na sehemu kubwa huwa imepita baada ya saa 4. Mtu akilala tumbo likiwa limejaa, asidi ya tumbo huweza kupanda kwenye umio na kuleta kiungulia. Kwa hiyo hushauriwa yapite saa 2 hadi 3 kati ya kula na kulala. Katika shule ya mfano, zamu ya kwanza hupata zaidi ya saa 4, na zamu ya pili hupata saa 3 na nusu ikihesabiwa tangu mwanzo wa mlo. Zote mbili zinatosha.

Kwa upande wa njaa, mambo hugeuka. Aliyekula saa 12 jioni hukaa saa 13 hadi uji wa asubuhi. Wa zamu ya pili hukaa saa 12. Wakati huo ubongo unaendelea kutumia sukari. Ubongo wa mtu mzima huhitaji kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na ini huweka akiba ya glikojeni ya kama gramu 100 tu. Ikifika alfajiri akiba hiyo imepungua sana, na mwili umeanza kutengeneza glukosi kutokana na vitu vingine. Kwa hiyo faida ya kula mapema hulipiwa kwa njaa ya asubuhi, hasa ikiwa uji ni mwepesi au umechelewa. Kwa upande mwingine, wa zamu ya pili husubiri saa 5 tangu chakula cha mchana, kisha huingia darasani tumbo likiwa bado zito, na uzito huo huleta kusinzia.

Ikiwa ratiba inafuatwa, basi, mizani haielemei sana upande wowote. Tatizo huanza pale ratiba isipofuatwa, na chanzo chake huwa jikoni.

Kwa nini maharage huchelewa

Mji wa Iringa umejengwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya karibu mita 1,700. Huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 hadi 84 ya ule wa pwani. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na ule wa hewa. Hivyo Dar es Salaam huchemka karibu nyuzi 100 za sentigredi, Iringa karibu nyuzi 95, na Mbeya karibu nyuzi 94. Mpishi akiongeza kuni, maji hayazidi kupata joto. Hugeuka mvuke kwa haraka zaidi tu, na kuni hupotea bure.

Nyuzi 5 au 6 huonekana chache, lakini mabadiliko ya kikemia yanayolainisha maharage hupungua kasi joto linaposhuka. Ndiyo sababu mpishi aliyezoea pwani hushangaa anapopika makande Mbeya. Umri wa maharage nao una athari: yaliyowekwa muda mrefu ghalani penye joto na unyevu huwa magumu kuiva. Aina pia hutofautiana, na kwa hiyo kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, ambacho kimetoa aina kama Njano Uyole, kina umuhimu kwa jiko la shule kama kilivyo kwa shamba.

Yapo mambo matatu yanayosaidia. La kwanza ni kuyaloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake. La pili ni sufuria ya kufungia mvuke, ambayo huongeza mgandamizo na kupandisha kiwango cha kuchemka. La tatu ni magadi, lakini hayo yana hasara: hulainisha ganda upesi na papo hapo huharibu vitamini B1. Tena, maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, ambayo huharibika kwa kuchemshwa kwa nguvu, wala si kwa moto hafifu. Katika nyanda za juu haifai kuhesabu dakika chache tangu povu la kwanza. Yaachwe yatokote barabara mpaka yaive kabisa.

Jiko likichelewa kwa dakika 40, zamu ya kwanza huketi saa 12 na dakika 40, na zamu ya pili huketi karibu saa 2 kasoro dakika 20. Masomo ya usiku hayangoji, au yakingoja, taa huzimwa kwa kuchelewa. Kengele ya alfajiri haibadiliki. Hivyo kila dakika iliyopotea jikoni hukatwa katika usingizi wa mwanafunzi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Katika shule ya mfano anapata saa 7 hata siku ratiba inapokwenda sawasawa. Zamu ya pili ndiyo inayolipa deni la kila ucheleweshaji, na mara nyingi hupata pia ukoko wa chini ya sufuria.

Chakula kinachongoja

Deni jingine la zamu ya pili halionekani kwa macho. Bakteria wengi wa chakula huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Mbegu za baadhi yao, kama zile za Bacillus cereus katika wali, hazifi kwa kuchemshwa; hungoja joto lipungue ndipo zianze kukua. Ikiwa bakteria wanaongezeka maradufu kila dakika 20, bakteria 1,000 watakuwa 64,000 baada ya saa 2, na 512,000 baada ya saa 3. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha hesabu hiyo kwa kuzidisha mara mbili, mara 6 kisha mara 9.

Hapa jiometri huja kumsaidia mpishi. Sufuria moja ikiwa na vipimo maradufu ya nyingine, eneo la uso wake huwa mara 4 na ujazo wake mara 8. Kwa kuwa joto hutoka kupitia usoni, sufuria kubwa hupoa polepole zaidi. Kwa hiyo chakula cha zamu ya pili kibaki katika sufuria kubwa, kimefunikwa, juu ya makaa, kikiwa zaidi ya nyuzi 60. Kisipakuliwe katika sahani pamoja na cha zamu ya kwanza kikangoja mezani katika baridi ya Julai. Kiporo cha kesho, kinyume chake, kigawanywe katika vyombo vidogo ili kipoe upesi. Kanuni ni ileile; matumizi ndiyo yanayogeuka.

Nani ale kwanza?

Kutokana na hayo, maamuzi kadhaa yanafuata. Wanafunzi wadogo, ambao huhitaji usingizi zaidi, wapewe zamu ya kwanza na walale mapema. Mwenye kisukari anayetumia insulini ale kwa saa isiyobadilika, kama alivyoagizwa na daktari. Waislamu wanaofunga mwezi wa Ramadhani hawawezi kula saa 12, kwa kuwa jua la Iringa na Mbeya huwa halijachwa. Wao wangoje magharibi ya mahali walipo, si ya redio ya Dar es Salaam. Waliosalia wabadilishane zamu kwa muhula, si kila siku, ili saa za mwili zizoee na mzigo ugawanywe kwa haki.

Lakini kuliko yote, jiko lianze kazi mapema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania. Shule itakayoacha kuni mbichi za masika itapata pia ratiba inayotegemeka.

Walimu wanaweza kuligeuza bwalo kuwa maabara. Kwa wiki 2, wanafunzi wapime joto la maji yanayochemka, joto la chakula kinapopakuliwa katika kila zamu, na saa halisi ambayo kila kundi liliketi. Kisha wachore grafu mbili na kuzilinganisha. Ikiwa joto la zamu ya pili liko chini ya nyuzi 60, au saa yake inateleza siku hata siku, mkuu wa shule atakuwa na ushahidi mkononi, na shauri la nani ale kwanza litaamuliwa kwa vipimo badala ya mazoea.