Skrini ni Mpangaji, Meza ni Mwenye Nyumba

Mtu anayeagiza meza ya michezo yenye skrini ndani yake huanza na swali moja: inchi ngapi? Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: televisheni ikifa, itatolewaje? Meza ya mninga au mtiki iliyoungwa vizuri wajukuu wataikuta. Televisheni haina umri huo. Huyo ni mpangaji tu. Atahama, na chumba lazima kimfae atakayefuata. Fundi akilikubali hilo mapema, maamuzi mengine yote yanajipanga.

Wazo lenyewe ni la zamani. Baada ya mchezo wa Space Invaders wa kampuni ya Taito kutoka mwaka 1978, migahawa ya Japani iliweka meza za kioo zenye mashine ya mchezo chini yake. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza meza ya Surface: skrini ya inchi 30, projekta ikiangaza kutoka chini na kamera tano za infraredi zikifuata vidole. Mitambo hiyo ilijaza meza nzima. Televisheni ya leo ni nyembamba kiasi cha kuingia kwenye kina cha droo, na kazi hiyo sasa seremala wa mtaani anaiweza.

Tuchukue televisheni ya inchi 43. Inchi hizo hupimwa kutoka kona hadi kona. Picha yenyewe ina upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 53 na nusu. Drafti ya vizibo vya soda inatosha bila kubanana: miraba 64 ya sentimita 5 kila mmoja inachukua sentimita 40 kwa 40, na pembeni inabaki nafasi ya kuonyesha saa na alama. Wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson wa mwaka 1974, wamezoea ramani ambayo mraba wa inchi moja ni futi 5 za ardhi. Skrini hii inabeba miraba 37 kwa 21. Ikiwa ni ya nukta 1,920 kwa upana, kila inchi ina nukta 51. Ikiwa ni ya 4K, nukta 102. Ukiipa programu ya ramani namba hiyo, kisanamu kitakaa ndani ya mraba wake sawasawa.

Sasa magoti. Chumba cha televisheni, ukijumlisha mfuniko, kioo, mashine na nafasi ya hewa, kina kina cha sentimita 17 hivi. Meza ikiwa na kimo cha 75, chini ya chumba zinabaki 58, na mtu mzima atagonga paja. Dawa ni upana. Uso ukiwa sentimita 180 kwa 110 na chumba kikae katikati, kila upande mrefu unabaki na sentimita 26 za kuegemeza mikono, na chini yake magoti yanaingia bila kugusa chumba. Mbao ya ukingo unaozunguka meza iwe nyembamba kwa kimo, la sivyo faida yote hiyo inapotea.

Mbao hucheza. Masika inavimba, kiangazi inanywea, na hufanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu haisogei kiasi cha kukusumbua. Mninga unapendwa na maseremala kwa sababu hucheza kidogo, lakini hata huo usiubane na mashine. Acha sentimita 2 kila upande wa televisheni, kisha ufiche mwanya kwa fremu nyembamba ya mbao inayonyanyuka. Mpangaji mpya akija na vipimo tofauti kidogo, unabadilisha fremu hiyo, meza huigusi. Mfuniko nao ufanye wa vipande vinne badala ya ubao mmoja mpana: havipindi haraka, na mtu mmoja anavibeba.

Usiilaze televisheni juu ya sakafu ya chumba. Nyuma yake kuna matundu manne ya skrubu, yale ya kuitundikia ukutani, na nafasi kati yake hufuata kipimo cha kimataifa. Kwa ukubwa huu mara nyingi ni milimita 200 kwa 200. Funga papi mbili kwenye matundu hayo, ncha zake zikae juu ya vishikizo vyenye bolti za kupandisha na kushusha. Uzito unabebwa na mgongo wa mashine, na siku ya kuhama unafungua skrubu nne.

Juu ya skrini lazima pawe na ngao, na ngao isiguse skrini. Akriliki ni nyepesi lakini inalegea katikati. Kioo ni kigumu zaidi yake takriban mara 20. Agiza kioo cha usalama cha milimita 6, cha aina ya madirisha ya pembeni ya gari. Pima mara mbili kabla ya kuagiza, maana kikishapitishwa kwenye tanuru hakikatwi tena. Kwa chumba hiki kitakuwa na uzito wa karibu kilo 9, kwa hiyo acha pengo la kuingiza vidole. Kilaze juu ya mpira wa madirisha ya alumini, milimita 3 tu juu ya skrini. Ukiinua zaidi, kete itaonekana kuelea pembeni ya mraba wake.

Joto ndilo linalomuua mpangaji mapema. Matundu ya hewa ya televisheni, ikilazwa, yanatazama chini, kwa hiyo acha sentimita 5 za wazi hapo. Weka feni ndogo ya kompyuta upande mmoja ikivuta hewa na nyingine upande wa pili ikiitoa. Ukichagua feni za USB na kuzichomeka kwenye televisheni yenyewe, katika modeli nyingi zitawaka na kuzima pamoja nayo. Soketi ifungwe ubavuni mwa chumba, si sakafuni, maana chai itamwagika tu. Waya mmoja ushuke ndani ya mguu, na fundi umeme aunganishe ethi na kikata umeme cha milliampea 30.

Dukani, chuchumaa pembeni ya televisheni uitazame kwa mshazari, kwa sababu ndivyo wachezaji watakavyoiona. Rangi zikigeuka, achana nayo. Paneli za IPS ndizo zinazovumilia. OLED ina picha nzuri, lakini ramani iliyosimama saa nyingi huacha alama. Fremu za kugusa za infraredi nazo hudhani kila kete ni kidole, kipanya kinatosha.

Nunua televisheni kwanza, ndipo ukate mbao. Ilaze kwenye meza ya kawaida, papi na feni zikiwa zimeshafungwa, iwake jioni nzima. Ikibaki vuguvugu, agiza kioo.